Kitufe cha Sadaka

Khayanga, ulisema niamue kabla ya Jumamosi.
Nimekaa hapa Manyatta, mlango wazi kwa ajili ya joto,
vyote viwili mezani, waya zimelala
kama tambi zilizomwagika.

Upande huu laptopu ya dada yako.
Ina nyimbo zetu arobaini na moja, kila sauti na rangi yake,
besi zambarau, kayamba kijani,
mstari unatembea kushoto kwenda kulia,
hauchoki, haukosei, hauulizi tunakwenda wapi.
Nikitaka zumari, naweka zumari.
Nikitaka kuondoa kikohozi cha Nyangweso, naondoa,
na mwenyewe hajui kwamba alikohoa.

Upande huu kisanduku.
Nilikinunua kwa Bwana Asiligwa, mwalimu wa kwaya,
kwa elfu tisa na jogoo mmoja.
Vitufe kumi na sita, vitatu vimelegea,
na juu ya kila kimoja kipande cha plasta
alichokiandika kwa wino wa bluu:
Harusi. Pasaka. Watoto. Mazishi, polepole.
Sadaka ya kwanza. Sadaka ya pili.

Huwa unacheka nikikukumbusha
kwamba ile benga iliyowainua watu Kondele,
hadi mhudumu akaweka trei chini akacheza,
ilitoka kwenye Sadaka ya pili.
Niliiharakisha kidogo tu.

Hoja zako nazijua.
Kisanduku hakikumbuki. Stima ikikatika kinaamka kitupu
kama mgonjwa aliyetoka kwenye dawa ya usingizi,
kinatuuliza jina lake.
Ndiyo. Bondo, mwezi wa nne,
nilipanga mdundo upya gizani, kwa kupapasa,
huku mshereheshaji akirudia salamu za chifu mara tatu.
Laptopu ingeendelea na betri yake, unasema.
Lakini amplifaya ilikuwa imekufa, Khayanga.
Ingeendelea kumpigia nani?

Nawe hujasahau Dunga.
Usubi ulipanda kutoka ziwani
kama moshi usio na moto,
ukatafuta taa, na taa pekee jukwaani
ilikuwa uso wangu mbele ya skrini.
Ukajaa kwenye vibonye, ukajaa puani,
wimbo wa saba ukafunikwa wote.
Nikapuliza, nikafuta kwa leso, kidole kikateleza,
tukaruka kutoka ubeti wa kwanza hadi mwisho,
Nyangweso mdomo wazi, maneno hayajatoka.
Watu wakapiga makofi. Walidhani ndivyo ulivyo.
Mama mmoja akaniuliza baadaye, kwa upole:
"Binti, usiku kucha ulikuwa ukimwandikia nani?"

Hilo ndilo lililonikaa kooni.
Kwenye kisanduku nakosea kwa mkono wangu,
na mtu wa meza ya nyuma kabisa
anaona kiwiko, anaona ninavyouma mdomo kabla ya kubadili,
anajua kuna kitu kinakuja
na kwamba huenda kisije.

Ila kuna ule wimbo wenye sauti ya mama yako
akiita kuku, jioni, Chavakali,
mwaka ule kabla hajalala.
Huo kisanduku hakiwezi kuubeba.
Nimejaribu kuuita kwa Pasaka, kwa Watoto,
hata kwa Mazishi, polepole.
Kuku hawakuja.

Basi Jumamosi, Luanda, tunapiga na kisanduku.
Laptopu itakuja ndani ya mfuko, imefungwa,
na ukifika wimbo wa mama nitaifungua,
nitaifunika kwa kanga ibaki nafasi ya kidole kimoja,
kisha nitaifunga tena.
Usiniambie huko si kuamua.

Sasa hivi nasugua vibonye kwa mswaki wa zamani.
Chini ya herufi M nimekuta usubi mmoja,
mzima, na mabawa yake,
tangu Dunga.

Lete ile ekstensheni ndefu. Lete na plasta.
Neno Harusi linabanduka.
Nitaliandika upya, ingawa wino wa bluu umeniishia
na mwandiko hautafanana.